Mwinjilisti Aliyevunja Mji Wetu

Jumapili, tarehe 15 Novemba. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka, ya taratibu, isiyo na upepo, na sasa ni saa nne bado inanyesha. Ukungu umefunika mihogo yote ya upande wa chini.

Kanisani sijaenda. Nimewaambia watu wa nyumbani ni kwa sababu ya tope, lakini si tope. Jana jioni nilirudi hapa Busawe kutoka Susuni, kwa Mwinjilisti, ambako nilikwenda kumtafutia Mama neno moja. Nilimkuta Mama pale pale nilipomwacha, kwenye kigoda karibu na mafiga, miguu imevimba. Akaniangalia nikivua viatu. Nikasema, "Nimechoka, Mama. Tutaongea kesho." Akasema, "Haya." Kesho yenyewe ndiyo leo.

Kabla sijamwambia nataka kumwandika Mwinjilisti. Naogopa nikishauona uso wa Mama sitaweza tena kumtendea haki yule mzee. Kwa hiyo alichonijibu nitakiandika mwisho. Kwanza yeye mwenyewe, mazuri yake na mabaya yake, kadiri ninavyokumbuka. Mimi niliishia darasa la saba na si mtu wa kupanga maneno. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Neno lenyewe ni hili. Mama aliolewa Susuni na mwanamke. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobhu, na wanangu wanakua hawaijui vizuri, ndiyo maana naeleza. Bibi yangu alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Akatoa ng'ombe, akamchukua Mama kutoka kwao Nyarero, amzalie watoto wa mji wake, kama vile Bibi alikuwa na mtoto wa kiume na Mama ni mke wa huyo mtoto asiyekuwepo. Mama alikuwa mkamwana wake. Mimi na Kaka tulizaliwa humo. Mwanamume aliyetuzaa alikuwa akija na kuondoka, na hakuna aliyetufundisha kumwita baba. Tulikuwa watoto wa mji, basi.

Ndipo akaja Mwinjilisti. Na siku moja, mbele ya kanisa zima, akatamka kwamba nyumba ile imekwisha, na Mama si mtu wa mji ule tena.

Bibi alishafariki zamani. Mama sasa ni mgonjwa, hospitali wametuambia tukae naye nyumbani. Anataka kurudi Susuni akafie pale, azikwe pembeni ya Bibi. Kaka ndiye aliyebaki na ule mji, na ni mzee wa kanisa. Anasema atampokea Mama kama mama aliyekuja kumtembelea mwanawe, chumba kipo, maziwa yapo. Lakini kuzikwa pale kama mwenye mji, hapana, maana kanisa lilisikia lile tamko na ukoo ulisikia. Mama naye anasema haendi kwake kama mgeni. Alitolewa kwa tamko mbele ya watu, anataka arudishwe kwa tamko mbele ya watu, na aliyetamka yuko hai. Hicho tu ndicho anachokitaka. Sijawahi kumsikia Mama akitaka kitu kingine.

Mwinjilisti hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa mfupi, mabega yameshuka, na koti moja la kahawia. Mfuko wa kulia alikuwa na Agano Jipya dogo, wa kushoto spana ya baiskeli. Siku moja ibadani aliingiza mkono mfuko usio wenyewe, akainua spana juu, akasema, "Tusome." Kina mama walicheka mpaka wakashikana. Akaitazama ile spana, akasema, "Msicheke. Hii imewasaidia wengi kuliko mahubiri yangu." Na ilikuwa kweli. Alikuwa akikukuta njiani mnyororo umetoka, anainama kwenye vumbi na koti lake, anakaza, anaondoka. Ukimshukuru anasema, "Usinishukuru, utanizoesha."

Alikuwa na misemo yake. "Neno ni neno," hiyo alisema mtu akimwomba apunguze kidogo, asamehe kidogo, afumbe jicho. "Mungu hana likizo," hiyo alisema akiambiwa apumzike. Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuniambia tukichota maji: "Mungu hana likizo, mwanangu, na mimi ndiye mpishi wake." Alisema akicheka, lakini alikuwa na ndoo kichwani na mimba ya miezi mingi. Mwinjilisti aliwakemea wanaume wanaopiga wake zao, tena kwa majina, hadharani. Yeye hakupiga. Ila sikumbuki hata kikao kimoja ambacho mkewe aliongea. Labda aliongea wakati mimi sipo.

Aliwasema sana wazee wa mila. Hata hivyo kila mwaka kabla ya kupanda ulezi alikuwa akienda kwa mzee mmoja anayesifika kwa kujua mvua, anakaa naye, anarudi na kupanda. Watu wakamtania: "Mwinjilisti, na wewe umeenda kwa mganga?" Akasema, "Namuuliza kama jirani, simuulizi kama mganga." "Na majibu yanatofautiana?" Akacheka mwenyewe.

Hakuwahi kumkataza mtu hospitali. Wako wahubiri waliokataza, na watoto walikufa kwa homa za kutibika huku watu wanapiga makofi. Yeye alikuwa akiomba kwa mgonjwa huku baiskeli imeshaegemezwa mlangoni, akisema amina anakupakia. Bibi alipougua kifua alimpeleka zahanati hivyo hivyo, amemfunga mgongoni kwake kwa kitenge asidondoke. Bibi hakusahau. Baadaye nitaeleza kwa nini naliandika hili.

Kuna mwaka vijana wa koo mbili walikuwa wamejipanga kupigana kwa sababu ya ng'ombe, mishale upande huu, mishale upande ule, shamba la mahindi katikati. Wengine walisema waite polisi, wengine walikimbiza watoto. Mwinjilisti alichukua kiti chake cha kukunja na redio, akaenda kukaa katikati ya yale mahindi. Akaiwasha, ikakoroma ikazima. Akapaza sauti kuwaita vijana: "Mura! Nani ana betri?"

Kijana mmoja akajibu kutoka kwenye mahindi, "Ondoka hapo mzee, utachomwa!"

"Nikichomwa nichomwe. Lakini mpira unaanza saa kumi na sina betri."

Upande wa pili mtu akacheka. Halafu mwingine. Na unajua kicheko kikishaingia, kukunja upinde ni kazi. Mtu akaleta betri, wakakaa wakasikiliza mpira, kila upande kwenye mpaka wake. Kaka alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, na Kaka si mtu wa kuongeza chumvi. Lakini niseme na kilichofuata, maana kanisani wanahadithia hadi hapo tu. Wiki iliyofuata Mwinjilisti alikwenda Mugumu kwenye semina, na siku hiyo walipigana, na watu walikufa. Aliporudi alikwenda kwenye misiba yote, ya upande huu na ya upande ule. Upande mmoja walimfukuza. Alikaa nje ya boma lao mpaka wakamletea kiti.

Ndiye aliyenifundisha kuandika kila siku. Aliniambia, "Anza na hali ya hewa. Hapo huwezi kudanganya. Ukishaanza na ukweli, kuendelea si vigumu." Mimi naona kuendelea ni vigumu sana.

Sasa la visu.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na mimi nilikuwa nimefikia umri. Bibi alikuwa amenunua kanga mbili mpya za kunitembeza nazo nikishakatwa, tena nzuri, nami nilikuwa nazitamani, siwezi kusema uongo. Mwinjilisti alikuja nyumbani akakaa na Bibi uwanjani. Bibi alikuwa akimwita mwanangu.

"Mwanangu, asipokatwa nani atamwoa?"

"Ataolewa, Mama."

"Utamwoa wewe?"

"Mimi ninaye mmoja, na huyo mmoja ananishinda."

Bibi alicheka, lakini hakukubali. Mwinjilisti akaja tena, na tena. Mwisho Bibi alisema, "Ulinibeba mgongoni. Siwezi kukunyima." Zile kanga akazivaa mwenyewe, moja shambani, moja kanisani.

Msimu wa kukata ulipofika tulilala kanisani wasichana wengi, tumetandika mikeka katikati ya mabenchi. Mke wa Mwinjilisti akitupikia uji nje kwa sufuria la harusi. Mchana walikuja wanawake wa kijijini wamevaa majani, wanaimba nyimbo za kututukana, kwamba sisi ni watoto milele, tutazaa watoto tukiwa watoto. Mwinjilisti alikaa kwenye kizingiti na koti lake. Mwanamke mmoja, nadhani alikuwa shangazi wa mmoja wetu, alimsukuma kifuani na mwiko.

"Toa mabinti zetu!"

"Waulize wenyewe. Anayetaka kutoka, mlango ni huu, mimi ni mdogo, atanipita."

Hakuna aliyetoka. Rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja hakuwa nasi, kwao walikuwa hawasali kwa Mwinjilisti. Alikatwa msimu huo. Damu haikukata. Tulimzika shule zikiwa bado zimefungwa.

Nimezaa watoto bila shida. Mabinti zangu wako wazima, hakuna aliyewagusa. Kuna asubuhi natembea kwenda kisimani na ninajua kabisa kwamba ninatembea hivi kwa sababu mtu mfupi alikaa mlangoni na hakuondoka, na hakuondoka kwa sababu aliamini Mungu amemweka pale. Tulikuwa na walimu, hawakukaa mlangoni. Mtendaji wa kijiji alikuwa na mhuri, naye hakukaa mlangoni. Nasikia redioni wasomi wanabishana kama dini inafaa au haifai. Ningeulizwa mimi nisingejua nianze na mwili wangu au nianze na Mama.

Maana miezi michache baadaye, mvua za masika zilipoanza, Bibi alisema anataka kubatizwa.

Sijui kwa nini hasa. Nafikiri alipenda nyimbo. Nafikiri pia alichoka kukaa benchi la nyuma na kutazama migongo ya watu wakienda kula meza ya Bwana. Mwinjilisti akaja jioni, akakaa jikoni kwetu. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Mimi na Kaka tulikuwepo, hakuna aliyetutoa.

Akasema, "Mama, nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Lakini kuna jambo. Huwezi kuingia majini na ndoa hii."

Bibi akasema, "Hii siyo ndoa ya kulala. Unajua wewe."

"Najua. Lakini umemweka binti wa watu hapa azae na wanaume ambao si waume zake. Ni uzinzi, na wewe ndiye uliyeujengea nyumba. Kesho na huyu mdogo utamfanya nini?" Alikuwa akininyooshea kidole mimi.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Hakusema uongo. Mama aliletwa kwa Bibi akiwa bado hajamaliza kukua, na hakuna aliyemuuliza. Wanaume waliokuja hakuwachagua wote. Ameniambia mwenyewe, mara moja tu, na hakurudia. Mwinjilisti aliona mtu aliyefungwa, akataka kumfungua. Ningekuwa mimi ningefanya nini, sijui.

Bibi akasema, "Punguza, mwanangu."

"Neno ni neno, Mama."

Halafu akamgeukia Mama, kwa upole, nakumbuka sauti yake ilikuwa ya upole kweli: "Binti, wewe uko huru sasa."

Mama akaendelea kupukuchua. "Huru kwenda wapi?"

Mwinjilisti alimaliza uji wake, akaomba, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alitamka. Mama na Bibi walisimamishwa mbele, kila mmoja upande wake. Mwinjilisti alisema nyumba ile iliyojengwa kinyume imekwisha, kuanzia leo huyu si wa mji huu, ng'ombe hawadaiwi, kila mtu ni huru. Watu wakapiga vigelegele. Wazee wa ukoo walikuwa wamekuja kusikiliza dirishani, hawakuingia.

Sasa nakuja kwenye kosa lake, na hili sidhani kama kuna mahali pengine mtu angelifanya. Mwinjilisti alidhani mama akifunguliwa ataondoka na watoto wake. Kwake yeye hilo lilikuwa wazi kama mchana, hakuwaza hata kuuliza. Asubuhi ya kuondoka alikuja na baiskeli kubeba mzigo wa Mama, akatuona mimi na Kaka tumesimama bila vifurushi, akasema, "Hawa mbona hawajajiandaa?"

Mzee mmoja wa ukoo akamuuliza, "Waende wapi?"

"Si na mama yao?"

Walicheka. Siyo kwa ubaya, walicheka kama unavyomcheka mtu aliyekuja sokoni siku isiyo ya soko. "Mwinjilisti, watoto ni wa mji. Ng'ombe wa nani walitoka? Wewe umevunja chako, chetu usikiguse."

Alibishana nao mpaka jua likawa kali. Akapiga magoti, nilimwona, kwenye samadi, akawaomba. Bibi alikuwa amekaa ndani, hakutoka. Mama alichukua mzigo wake mwenyewe akaondoka kwa miguu, baiskeli imebaki imelala.

Kwa hiyo kanisa lilimtoa Mama, mila ikatubakiza sisi. Kila upande ulipata chake. Bibi alibatizwa, akala meza ya Bwana, na kila Jumamosi mpaka anakufa alikuwa akifagia nyumba ya Mama na kufunga mlango tena. Kwao Nyarero, Mama alikuwa mzigo juu ya kichwa cha kaka yake. Mtu aliyerudi. Walimpa kibanda nyuma ya zizi.

Na nyumba yetu haikuwa ya mwisho. Alivunja nyingine kama ile. Sijui ngapi.

Sasa hili nalo. Kila shule ikifungwa, Mwinjilisti alikuja asubuhi Susuni, ananiweka kwenye keria, Kaka anatembea pembeni au anabaki, na ananipeleka Nyarero kumwona Mama. Vilima ni vingi njia ile. Tukifika mlima anashuka anasukuma, mimi nimekaa, anahema, hataki nishuke. Hakuna aliyemtuma. Tukifika anamsalimia Mama, Mama haitikii, anaegemeza baiskeli mbali, anakaa peke yake mpaka jioni, ananirudisha. Miaka hiyo yote hakuwahi kuniambia pole, na hakuwahi kukosa. Mama anasema alikuwa ananileta ili ajisikie nafuu mwenyewe. Inawezekana. Lakini mimi ndiye niliyefika.

Nikaolewa huku Busawe, na Bibi alipokufa na kaka yake Mama naye akafa, nilimchukua Mama nikakaa naye. Mume wangu hakusema neno, Mungu ambariki. Naona nimeandika Mungu ambariki. Mkono umezoea.

Sasa la juzi. Nilipanda gari la Mugumu hadi Tarime mjini, kutoka pale bodaboda. Kijana alikuwa wa upande wa Sirari, ananiita mathe. "Mathe, kwa Mwinjilisti? Yule wa mabinti? Huyo hata mimi dadangu alilala kwake." Alinipunguzia nauli kwa hilo.

Nilianzia kwa Kaka. Kaka alisema tena: "Dada, mimi sikatai. Mwinjilisti akisimama Jumapili akasema neno moja tu, Jumatatu namfuata Mama na gari la kukodi. Asiposema, nikimzika pale kanisa halitakuja, na ukoo utasema nimezika mgeni kwenye mji. Nitakaa na nani mimi?" Alikuwa na machozi. Nataka ijulikane alikuwa na machozi.

Mwinjilisti anakaa chumba cha nyuma ya kanisa. Macho yamekufa karibu yote. Nilimkuta ameketi kitandani anapapasa mikeka, mingi, imekunjwa imepangwa mpaka karibu na dari.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi wa kwa Bibi. Mtoto wa yule mkamwana."

Akanyoosha mkono, akanishika kichwa kama mtoto. "Umekuwa mzito. Keria isingekubeba." Nikacheka, sikutaka kucheka.

Nikamweleza yote, ugonjwa wa Mama, anachotaka, anachosema Kaka. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akasema, "Mama yako anasali wapi siku hizi?"

"Hasali."

"Ana haki yake." Akavuta mkeka mmoja. "Mimi nilikosea kwenye nyumba ile. Hapa, kwako, nasema. Nilikosea tangu asubuhi ile na baiskeli. Tangu hapo sijawahi kupata usingizi mzuri msimu wa mahindi."

Nikasema, "Basi sema Jumapili. Hayo hayo, usiongeze kitu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mwaka huu ni mwaka wa tohara. Mwezi ujao kanisa hili linajaa. Unaiona mikeka?" Akaipiga kwa kiganja. "Wazee wananisikiliza kwa sababu moja tu, sijawahi kurudi nyuma. Wananichukia, lakini wanajua neno langu halipindi. Nikisimama leo nikasema lile la nyumba nilikosea, kesho watauliza: na la kisu je? Labda nalo ulikosea? Nitawajibu nini? Wanangoja ufa mmoja tu."

"Kwa hiyo Mama ndiye wa kuziba ufa."

"Ndiyo," alisema. "Na wengine kama yeye."

Hakujitetea. Nilitaka ajitetee nipate kumgombeza. Nikasema, "Labda ni aibu tu, Mwinjilisti. Labda unaogopa watu kukuona umekosea, umeifunika kwa mabinti."

Alifikiri. "Inawezekana. Nimejiuliza. Hata mimi sioni vizuri humo ndani." Halafu akauliza, "Una mabinti?"

"Wawili."

"Walikatwa?"

"Hapana."

Hakusema, "Unaona?" Angeweza kusema, na ningekuwa sina jibu. Hakusema. Hilo nalo naliandika.

Akasema atafunga safari aje Busawe kumwombea Mama. Nikamwambia Mama hataki maombi, anataka tamko. Akasema, "Najua." Aliniombea safari njema, nami niliinamisha kichwa, nimekasirika lakini nimeinamisha. Nilipotoka alikuwa anaendelea kupapasa mikeka, anatafuta iliyooza.

Nimeandika yote haya nikidhani nikifika mwisho nitajua. Sijui. Kama angekuwa mtu mbaya ningelala. Imani ile ile iliyomkalisha mlangoni ndiyo iliyotamka, na siwezi kuikata katikati nikachukua upande wangu nikamwachia Mama upande wake. Nilijaribu njia nzima kutoka Tarime. Na ninachokiona mbele ni kwamba mwezi ujao atakaa kwenye kizingiti hata kama ni kipofu, na wasichana watabaki wazima, na Mama hatarudi kwake. Yote mawili yatakuwa kweli siku moja.

Saa kumi na nusu. Mvua imekatika mchana, na nimeshamwambia.

Nilikaa chini karibu naye. Nikasema, "Mama, amekataa."

"Alisemaje hasa? Usinipunguzie."

Nikamwambia yote, hata mikeka, hata swali la mabinti. Alisikiliza huku anasugua goti.

"Amesema alikosea?"

"Amesema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Wewe si watu," alisema. Siyo kwa hasira. Akaangalia nje. "Hao wasichana wasikatwe," akasema. "Wakae huko. Lakini na mimi nilikuwa msichana, na kanisa lilikuwa halijafika."

Nikamshika mguu, akaniacha niushike.

Mume wangu aliporudi kutoka kumwangalia ndama, Mama alimwita kama kawaida yake. "Baba wa watu, nina ombi. Nionyeshe ni wapi mtaniweka. Nisiwe nyuma ya zizi."

Mume wangu aliniangalia. Halafu akamshika mkono, wakatoka polepole, Mama na fimbo yake, tope limejaa. Niliwaona wakisimama upande wa juu wa mihogo, ambako maji hayatuami. Mume wangu alikuwa anaonyesha kwa mguu, kutoka hapa mpaka hapa. Mama alisimama pale akageuka upande wa Tarime, kisha akageuka upande mwingine, kama mtu anayejaribu kitanda cha wageni. Akasema kitu, mume wangu akasogeza alama kidogo.

Waliporudi nilimuuliza mume wangu alisema nini. Alisema, "Kaniuliza kama mtu akipita njiani ataweza kumwona. Nikasema ndiyo."

Sasa ni usiku. Jioni tumekula ugali wa muhogo na mtama, mnavu uliochanganywa na maziwa, na dagaa kidogo waliobaki. Mume wangu alisema niombee chakula. Nilikaa kimya mpaka mabinti wakaniangalia. Halafu nikaomba maneno yale yale ya siku zote, kwa sababu ugali ulikuwa unapoa. Mama alingoja nimalize, ndipo akanawa mikono.